Nyeupe Kwanza, Nyeusi Mwisho

Inspekta Klementi Likwata alisimama mbele ya ubao wa ratiba dakika kumi nzima, mikono nyuma, kama mzazi anayesoma matokeo ya mtoto aliyefeli. Ubao ulitundikwa kati ya ofisi ya meneja na ukumbi wa mashine. Kiwanda kilikuwa na mashine nne za kumimina vyombo vya plastiki, na ubao ulikuwa na mistari minne. Mstari uliomleta hapa ni wa tatu.

"Mashine 3, Jumanne. Zamu ya kwanza: ndoo nyeusi za zege, 900. Saa tisa mpaka saa kumi na moja jioni: kubadili moldi. Kisha: majagi meupe."

Jumanne hiyo, saa kumi na dakika ishirini za jioni, mashine namba tatu ilimfunga mwendeshaji wake, Yasini Kibwana, kifuani, akafa. Moldi ni mapande mawili ya chuma, kila moja zito kuliko ng'ombe, na yakikutana hayaulizi kuna nini katikati. Jumatano mchana akakamatwa fundi wa moldi, Shaaban. Leo ilikuwa Alhamisi. Kesho saa tatu asubuhi Shaaban angepandishwa kizimbani kwa kuua bila kukusudia, na bosi wa Likwata alikwisha kumwambia kwa simu kwamba faili limekamilika, aache kulipekua kama anatafuta chawa.

Likwata hakuwa mtu wa kuacha. Hiyo ndiyo sababu alikuwa na miaka hamsini na nne na bado hana gari la ofisi.

Siku ya Jumanne Likwata mwenyewe alikuwa Kilwa Masoko kwa shauri jingine. Aliyefika kiwandani ni konstebo mmoja aliyepiga picha nne, zote za sakafu. Jana usiku Likwata alimuuliza mashine ilikuwa inatoa ndoo za rangi gani. Konstebo akainamisha kichwa akasema hakumbuki, aliona nyekundu tu kila mahali.

Na shauri zima lilikuwa hapo. Kama mashine ilikuwa imesimama ili moldi ibadilishwe, basi ilikuwa mikononi mwa fundi, na fundi ni Shaaban. Lakini kama ilikuwa kazini, basi ilifanya kazi na mlango wazi, swichi ya usalama ikiwa imefungwa waya ili mashine idanganyike kwamba mlango umefungwa. Waya huo ulikuwa na mwenye kuuamuru.

Asubuhi, mahabusu, Shaaban hakukataa waya. "Nilifunga mimi, afande. Meneja alisema nifunge, nikafunga. Lakini Jumanne nilikuwa mashine ya kwanza. Namba tatu ilikuwa inazaa." Kuzaa ni neno lao la mashine inayotoa vyombo. Kisha akashika nondo za mlango kwa mikono miwili. "Kitu kikizaa, mtoto hubaki. Katafute, afande."

Ndivyo Likwata alivyokuja kutafuta mtoto.

Meneja Hussen alitoka ofisini akiwa na karatasi mkononi, ili ionekane ana shughuli. Aliletwa kutoka Dar mwaka juzi. Huko alikuwa akiuza vyombo kwa jumla, tena akiuza vizuri, basi wenye mali wakaona anayejua kuuza ndoo atajua na kuizaa.

"Bado tu, afande? Ubao umeshapigwa picha."

"Naupenda. Nani aliuandika?"

"Idara ya ratiba."

"Zamu moja ina urefu wa saa ngapi?"

"Nane."

"Hizo saa nane ni sekunde elfu ishirini na nane na mia nane. Leo asubuhi nimekaa na saa yangu mbele ya namba nne, ndugu yake namba tatu. Mlango unafunguka, ndoo inatolewa, mlango unafungwa. Sekunde arobaini. Nimepima ndoo ishirini. Kwa mwendo huo zamu inatoa ndoo mia saba na ishirini. Wewe hapa una mia tisa."

Meneja aliutazama ubao kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana.

"Mia tisa inataka sekunde thelathini na mbili kila ndoo," Likwata aliendelea. "Hizo nane umezitoa wapi, kama si kwenye mlango?"

"Afande, hilo ni lengo. Lengo ni dua. Unaomba, si lazima upewe."

"Na swichi?"

"Swichi alifunga fundi. Amekiri. Mimi sikumtuma, na kama alitumwa atoe barua." Akatabasamu kidogo, tabasamu la muuzaji anayejua mteja hana duka jingine la kwenda. "Na Jumanne saa kumi mashine haikuwa kazini. Ilikuwa inabadilishwa moldi. Soma ubao."

"Iliyofungwa Jumanne ni moldi ya majagi?"

"Ndiyo. Sasa iko mashine namba moja, toka jana. Imeshaoshwa na kupakwa mafuta. Ukitaka alama za vidole utapata za watu wote wa Lindi."

Likwata aliandika kwenye daftari: *moldi, hapana.* Juu yake alikuwa ameshaandika: *mashahidi, hapana.* Wafanyakazi watatu wa zamu ile walikuwa, kwa maelezo yao, upande wa pili, upande wa pili, na chooni. Wa nne, Amiri, alisema Jumatano asubuhi kwamba mashine ilikuwa inazaa. Jumatano alasiri akapanda bodaboda kwenda Rondo kwa mjomba wake, na simu yake haipatikani mpaka leo. Wote walikuwa vibarua wa siku kwa siku, na Likwata hakuwalaumu sana. Mwenye njaa hana miiko, na mwenye watoto ana njaa nyingi kuliko yake.

Idara ya ratiba ilikuwa chumba kimoja na binti mmoja, Fauzia. Alisimama alipomwona Likwata.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Kaa." Likwata aliangalia meza. Katikati kulikuwa na mraba safi, pembeni vumbi. "Kompyuta iko wapi?"

"Imepelekwa Dar kutengenezwa."

"Ilikuwa na nini?"

Fauzia alikwenda kufunga mlango, akarudi, akakaa. "Haikuwa na kitu."

"Ilipelekwa lini?"

"Jana."

"Na mashine yenyewe? Haina kitu cha kuhesabu ndoo?"

"Inacho, lakini ni ya zamani. Umeme ukikatika inaanza sifuri. Jana asubuhi umeme ulikatika."

"Ulikatika mji mzima?"

"Ulikatika mashine namba tatu."

Likwata alimpenda binti huyu papo hapo. Akavuta kiti karibu. "Ule ubao ni mwandiko wako?"

"Nitakueleza kazi, afande. Kuandika sitaandika, na mahakamani siendi. Mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi, na Nyangamara nina mama na wadogo wanne."

"Nieleze kazi tu."

"Ubao unasema mashine tatu imetoka ndoo nyeusi, inakwenda majagi meupe." Akamwangalia kama mwalimu anayempa mwanafunzi nafasi. Likwata hakuona kitu. "Sufuria uliyopikia mchuzi wa pweza, unaichemshia maziwa ya mtoto bila kuiosha?"

"Hapana."

"Basi. Rangi inabaki tumboni mwa mashine. Ndiyo maana tunaanza nyeupe, halafu njano, halafu nyekundu, nyeusi mwisho. Nyeusi inameza kila kitu, hata takataka. Ukitaka kutoka nyeusi kurudi nyeupe, unaitapisha mashine karibu zamu nzima, na bado majagi mia mbili ya kwanza yanatoka kama yamekaa juu ya moshi. Hakuna mpanga ratiba wa kuandika hivyo. Mimi nikiandika hivyo nifukuzwe, na nitakuwa nimestahili."

"Kwa hiyo aliyeandika hajui kazi."

"Aliyeandika alikuja pale Jumatano mchana. Alitazama mashine tatu inatoa nini, akaona ndoo nyeusi, akaandika nyeusi. Halafu akachagua majagi kwa sababu jagi ni chombo kizuri." Akanong'ona. "Ile mia tisa tu ndiyo aliyoiacha. Ilikuwa ya kwake toka mwanzo. Mimi nilimwambia haiwezekani."

"Na ya kweli ilikuwaje?"

"Jumanne ilikuwa nyekundu kutwa. Ndoo za maji za lita ishirini. Moldi haikuguswa."

Likwata alihisi moyo wake unainuka, akaukemea. Binti huyu hatakwenda mahakamani, na hata akienda, wakili wa kampuni atasema ratiba mbaya ni ratiba mbaya, si ushahidi. Alihitaji kitu cha kushikika.

"Fauzia, kitu kikizaa, mtoto hubaki. Ndoo za Jumanne ziko wapi?"

"Zilitengwa. Lakini hata zisingekuwepo, ziko za rafuni." Aliliona swali usoni mwake. "Kila saa ikigonga, mwendesha mashine anachukua ndoo ya kwanza ya saa hiyo. Anaandika ubavuni kwa kalamu ya wino mzito: jina lake, namba ya mashine, tarehe, saa. Inakaa rafuni siku saba, mteja akilalamika tuangalie."

"Yasini aliandika ya saa kumi?"

"Yasini alikuwa hakosi. Mwandiko wake kama wa mwalimu."

Likwata alisimama haraka, goti lake bovu likapiga kelele. Ndoo nyekundu, imeandikwa saa kumi kwa mkono wa marehemu mwenyewe, dakika ishirini kabla ya kufa. Mashine iliyofunguliwa moldi saa tisa haiwezi kuzaa ndoo saa kumi. Hapo hakuhitajika Amiri wala Fauzia. Katika miaka thelathini ya kazi hajawahi kupewa ushahidi na maiti kwa uwazi namna hii, na kwa mara ya kwanza tangu jana aliiona sura ya Shaaban ikiwa nje ya zile nondo.

Rafu ilikuwa nyuma ya ukumbi, mbao ndefu za ngazi nne. Mashine ya kwanza: imejaa, kuanzia Alhamisi iliyopita. Ya pili: imejaa. Ya nne: imejaa, kila chombo na saa yake. Ya tatu ilikuwa na ndoo nyeusi chache zilizoandikwa kwa wino wa fedha, ya kwanza *Jumatano, saa tano asubuhi*. Nyuma ya hapo, sehemu yote ya Jumanne, mbao zilikuwa tupu, zimefutwa kwa kitambaa, mpaka zilipoanza za Jumatatu.

Akasimama. Hasira ilimpanda, kisha ikageuka kuwa kitu kama furaha. Meneja amefuta rafu. Vizuri sana. Kuharibu ushahidi ni kosa, na kosa lina mikono, na mikono hiyo si ya meneja, kwa sababu mameneja hawabebi ndoo. Kuna mtu aliyetumwa. Likwata alihitaji huyo mtu mmoja tu, amwambie: nilitumwa na fulani. Chombo kinachotolewa rafuni kiwandani kinakwenda mahali pamoja, kwenye mashine ya kusagia, kinakatwakatwa kuwa chenga, kinarudi kuyeyushwa.

Mashine ya kusagia ilikuwa mwisho wa ukumbi, na kelele yake ilimfikia kabla hajaiona. Mwanamke aliyekuwa akiilisha alivaa barakoa nyeusi na glavu za turubai. Alipogeuka, Likwata alisita. Ni Nasma, mke wa Shaaban. Jana jioni alimwona lango la kituo na chupa ya chai, akiomba imfikie mumewe.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, mama. Upo kazini?"

"Nikikosa siku tatu jina linafutwa. Na Shaaban akikaa ndani, jina langu ndilo lililobaki." Alizima mashine ili wasikilizane. Macho yake yalikuwa yameshatangulia kuuliza. "Umepata kitu?"

"Niko karibu. Nisaidie. Jumatano asubuhi, kuna mtu alileta ndoo nyekundu hapa? Pamoja na zile za rafuni?"

"Hakuna aliyeleta," Nasma alisema. "Tulizichukua wenyewe."

Likwata alikuwa ameshatoa kalamu. Ikabaki hewani.

"Tulifika asubuhi, tukakaa kwanza, tukamsomea Yasini Fatiha," alisema Nasma. "Halafu tukazitazama zile ndoo. Damu iliruka, afande. Ndoo nyekundu, damu nyekundu, utajuaje ipi imepata na ipi haikupata? Na ndoo zile ni za maji. Mtu ananunua Lindi sokoni, anatilia maji, anatawadha. Anasimama mbele ya Mungu na damu ya Yasini mikononi. Swala yake itaswihi? Na dhambi ya nani? Basi tukasema tuondoe shaka. Tusage zote za siku ile."

"Hata za rafuni?"

"Zilikuwa za mashine ileile, siku ileile. Na zimeandikwa kwa mkono wake. Nani angeweza kuzipita pale siku saba?"

"Meneja ndiye aliyewaambia."

"Meneja alifika saa nne, akatukuta tunamalizia. Alisimama hapo uliposimama wewe. Alitutazama muda mrefu. Halafu akasema ahsanteni, mmefanya jambo la heri. Akamtuma mtu, akatuletea soda."

Kwa hiyo Hussen hakuharibu chochote. Alikuta kazi imeshafanywa kwa mapenzi, akashukuru, akaenda kuandika ubao. Likwata alitamani amkute mtu wa kumkamata, hata mmoja, na hapakuwa na mtu.

"Chenga zake ziko wapi?"

"Tulikubaliana zisirudi kuwa ndoo za maji. Zikatiwa kwenye nyeusi." Alionyesha kwa kidevu mashine namba tatu. "Ndoo za zege. Zege haliswali."

Nyuma yao mashine ilifungua mlango, ikatoa ndoo nyeusi, ikafunga. Sekunde arobaini. Tangu Jumatano walikuwa wanafuata sheria.

"Nani alikuwa nawe?" aliuliza Likwata, kwa sababu ndiyo taratibu.

"Wa kufungasha walibeba. Mimi nilisaga. Shaaban alishika gunia. Yasini alikuwa rafiki yake, walioa mwaka mmoja. Alishika gunia na huku analia." Nasma alikuwa akimwangalia usoni, na uso wa Likwata, uliowadanganya wezi miaka thelathini, siku hiyo ulikuwa wazi. "Kwa nini unauliza za rafuni?"

Likwata aligeuza macho kwenye rafu.

Nasma alivua glavu moja, akaiweka juu ya mashine taratibu.

"Zilikuwa na saa," alisema.

"Ndiyo."

"Ya saa kumi niliishika kwa mkono huu. Niliisoma. Y. Kibwana, mashine tatu, saa kumi. Nikasema bismillahi, nikaitia." Akautazama ule mkono. "Nitakwenda kesho niyaseme hayo. Niliisoma kwa macho yangu."

"Wewe ni mke wake, mama. Watasema mke anamtetea mume."

"Basi watasema wenzangu. Waliibeba."

Akageuka. Wanawake wawili wa kufungasha walikuwa wamesimama pale pembeni, wamesikia kila neno. Mmoja akainamia sanduku lake. Mwingine akaanza kuhesabu mifuniko aliyokwisha kuihesabu. Nasma aliwatazama mpaka wakaondoka, na hakuwaita.

"Maji yakimwagika hayazoleki," alisema Likwata, akajuta papo hapo, kwa sababu hakuna aliyemwomba methali.

"Shaaban anajua?"

"Hajui. Asubuhi aliniambia nitafute ndoo. Hakufikiri kwamba na za rafuni zilipita kwenye gunia lile."

"Usimwambie." Aliichukua ile glavu juu ya mashine. "Namjua. Sasa hivi bado anabishana, anasema ilikuwa inazaa. Ukimwambia yeye ndiye aliyeshika gunia, atanyamaza. Atasema Mungu ameshahukumu, akubali kosa. Kesho alfajiri nampelekea chai. Nataka nimkute bado anabishana."

Likwata alifunga daftari. Ukurasa ulikuwa na mistari miwili tu, na yote miwili inasema hapana. Hakuandika wa tatu. Angeuandika, ungeingia kwenye faili, na faili lingesomwa na wakili wa kampuni, naye angemshukuru kwa soda.

"Sitamwambia," alisema. Ilikuwa ahadi pekee aliyoweza kuitimiza kwa siku hiyo, na ilimuuma kwamba ni ya kuficha.

Kengele ya saa saba ikagonga. Mfanyakazi mpya wa mashine namba tatu, aliyechukua nafasi ya Yasini, akapokea ndoo nyeusi bado ina joto. Akatoa kalamu ya wino wa fedha mfukoni, akaandika jina lake, namba ya mashine, tarehe, na saa. Akaibeba mpaka rafuni, akaiweka kwenye mstari na wenzake, akageuza maandishi yaelekee mbele kama ipasavyo.

Nasma aliifuata kwa macho mpaka ilipokaa. Kisha akavaa glavu yake, akawasha mashine.